KUANDIKA KATIKA ENSAIKLOPIDIA YA WATU WOTE: SHERIA NA ADABU ZAKE



Siku hizi ni vigumu kupata kikundi kisicho na hata kijana mmoja mwenye simu ya intaneti. Mwalimu akiwapa watoto kazi ya nyumbani juu ya mlima au mmea fulani, simu ndiyo inayoulizwa kwanza, kabla ya babu. Na mara nyingi jibu linalotokea juu kabisa linatoka Wikipedia. Hata zile programu mpya zinazojibu maswali kama mtu zimefundishwa kwa sehemu kwa kusoma Wikipedia. Kwa hiyo kilichoandikwa humo juu ya pahali petu, kiwe sawa au kiwe kimekosewa, kinasafiri mbali kuliko tunavyofikiri.

Vijana wengine wameshagundua kwamba ukurasa wa Wikipedia una alama ya kalamu, na ukiigusa unaweza kuandika. Sasa wanatuuliza: je, ni kweli mtu yeyote anaruhusiwa? Ni kweli. Lakini hata baraza la chifu liko wazi kwa wote, na bado kuna namna ya kuomba nafasi ya kusema. Mambo hayo ndiyo tunayotaka kueleza hapa, kwa sababu tumeona watu wakiingia bila kuyajua, maandishi yao yakafutwa siku hiyo hiyo, nao wakaondoka wakisema ati wamedharauliwa.

WIKIPEDIA NI KITU GANI?

Ensaiklopidia, ambayo wengine huiita kamusi elezo, ni kitabu kikubwa kinachoeleza mambo ya kila aina: nchi, mito, magonjwa, wanyama, watu mashuhuri. Zamani kitabu kama hicho kiliandikwa na wataalamu walioajiriwa, na bei yake ilikuwa ya kuuza ng'ombe. Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001 huko Marekani, nayo ikaenda kinyume cha hayo. Haina waandishi walioajiriwa, haiuzwi, wala haina matangazo ya biashara. Neno "wiki" limetoka katika lugha ya visiwa vya Hawaii na maana yake ni haraka. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Leo ina makala maelfu mengi, ingawa mbele ya ile ya Kiingereza yenye makala zaidi ya milioni 6 yetu bado ni kitalu tu.

Shirika linalotunza mitambo linaitwa Wikimedia Foundation, nalo linaishi kwa michango. Lakini msidhani kuna karani ofisini anayesoma na kupitisha kila sentensi. Wanaosoma, kusahihisha na kufuta ni watu wa kujitolea kama ninyi, mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Nairobi, mwingine Ulaya. Baadhi yao wamechaguliwa na wenzao kuwa "wakabidhi". Mkabidhi anaweza kufuta ukurasa, kuufunga usibadilishwe kwa muda, au kumzuia mtu anayeharibu. Hata hivyo yeye si mwenye makala. Mkibishana juu ya jambo lililoandikwa, mwenye ushahidi mzuri ndiye anayesikilizwa, awe mkabidhi au awe mgeni wa jana.

Sasa mtauliza: ikiwa kila mtu anaweza kuandika, inakuwaje kitabu hakiharibiki? Anayejua daftari la kumbukumbu za mkutano ataelewa upesi. Kila ukurasa una sehemu inayoitwa historia, na humo kila badiliko linabaki: nani aliandika, siku gani, saa ngapi, nini kilitolewa na nini kiliongezwa. Mlevi akiingia usiku akafuta aya tatu nzuri, mwingine anazirudisha asubuhi kwa dakika moja. Nyuma ya kila makala kuna pia ukurasa wa majadiliano, ambapo watu husemezana juu ya makala yenyewe. Si pahali pa kujadili siasa ya jimbo wala pa kuhubiri. Ni pa kuuliza, "Je, mwaka huu tulioandika ni sawa?"

KUINGIA

Kujiandikisha ni bure. Hapa vikundi vyetu hukwama, kwa sababu tumezoea kufanya kila jambo kwa jina la kikundi: akaunti ya benki, shamba la kukodi, tangi la maji, hata viti vya kukodisha wakati wa harusi. Katika Wikipedia jina la mtumiaji ni la mtu mmoja tu. Halitolewi kwa kikundi, wala halipitishwi kutoka kwa katibu wa zamani hadi kwa katibu mpya. Kama wanakikundi watano wanataka kuandika, wafungue akaunti tano, na kila mmoja ajibu kwa alichoandika mwenyewe. Si lazima mtumie jina lenu la ubatizo. Wengi hutumia jina la kubuni, na hiyo inaruhusiwa.

Kinyume chake pia ni kosa, tena kosa kubwa: mtu mmoja kufungua majina matatu akajifanya watu watatu wanaokubaliana. Wakabidhi wana njia za kutambua hila hiyo, na ikijulikana majina yote matatu huzuiwa.

Mwanzoni fanya kazi ndogo. Kuna ukurasa wa mazoezi ambapo unaweza kujaribu bila kuharibu kitu. Halafu sahihisha tahajia katika makala iliyopo, au rekebisha pahali palipoandikwa wilaya ambayo sasa ni kaunti. Kabla ya kuhifadhi utaona kisanduku cha muhtasari kinachokuomba ueleze kwa maneno machache ulichofanya. Andika kwa mfano, "Nimesahihisha jina la mto." Wageni wengi hukiacha kitupu. Kukijaza ni kama kupiga hodi, wenyeji hawashtuki.

USHAHIDI KWANZA

Hebu tuchukue mwarobaini. Tuseme kikundi cha kina mama chenye kitalu cha miti kinataka kuandika juu ya mti huu, na mmoja anaandika: "Mwarobaini unatibu malaria." Yeye hasemi uongo kwa kusudi. Mama yake alimchemshia majani hayo, na homa ikaisha. Lakini sentensi hiyo itatolewa, na inafaa itolewe. Fikirini mama mwingine, mbali na hapa, mtoto wake ana joto usiku. Anaangalia simu, anasoma "unatibu malaria," na mti uko hapo nje ya mlango. Kwa nini akope nauli ya pikipiki kwenda zahanati? Asubuhi inaweza kuwa amechelewa.

Sheria ya Wikipedia inasema kwamba jambo linaloweza kupingwa lazima liwe na chanzo ambacho msomaji anaweza kwenda kukihakikisha. Kwa mambo ya tiba wanadai zaidi: vitabu vya utabibu na uchunguzi uliopimwa na wataalamu wengi. Je, basi kina mama wasiandike neno? Waandike! Waandike kwamba mti huu asili yake ni Asia ya Kusini, kwamba jina lake la kitaalamu ni Azadirachta indica, kwamba katika Afrika ya Mashariki watu wengi hutumia majani yake wakiwa na homa, na kwamba jina lenyewe limetokana na imani kwamba unatibu magonjwa arobaini. Kila jambo liwekewe kitabu lilipotoka. Mnaona tofauti? Kusema "watu huutumia" ni habari inayoweza kuonyeshwa. Kusema "unaponya" ni ahadi kwa mgonjwa.

Mfano mwingine wengi wenu mnaukumbuka. Mwaka 2011 maelfu ya watu, na Wakenya wakiwamo, walisafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Mtu anayeandika juu ya jambo hilo anaweza kuwa alikwenda na akaamini, au anaweza kuwa na hasira kwa sababu ya ndugu aliyemzika. Hakuna kati yao anayeruhusiwa kuandika kutoka moyoni. Wanatakiwa kusema alichodai mwenye dawa, kwamba ilitibu magonjwa sugu pamoja na ukimwi na kisukari. Kusema walichoonya madaktari, kwamba wagonjwa wasiache dawa za hospitali. Na kumwachia msomaji. Hii ndiyo wanayoita kutoegemea upande. Lakini angalieni, kutoegemea upande hakuna maana ya kugawa nusu kwa nusu. Kama ushahidi wa kisayansi uko upande mmoja, makala inasema hivyo wazi.

Sasa tuje kwa neno linalowauma wengi. Mambo mengi ya kwetu hayako katika kitabu. Yako kwa mzee anayejua ni nani alichimba kisima cha kwanza, na kwa bibi anayejua majina ya mbegu zilizopotea. Wikipedia haichukui ushahidi wa "niliambiwa na babu", na pia haichukui utafiti wako mwenyewe ambao haujachapishwa popote. Sisi tunaona sheria hii inatubana kuliko inavyowabana watu wa Ulaya, ambao kila kanisa lao la kijiji lina kitabu cha historia. Wapo wanaWikipedia wenyewe wanaosema hivyo, na mjadala wa masimulizi ya mdomo umeendelea kwa miaka mingi. Lakini hata hivyo hatungependa iondolewe. Ingeondolewa, mtu mwenye kesi ya shamba angekwenda usiku kuandika kwamba babu yake ndiye aliyefika wa kwanza kwenye ule mto, na hakuna ambaye angeweza kumbishia.

Lililo bora ni kutafuta yaliyokwisha chapishwa, nayo ni mengi kuliko tunavyodhani. Ziko ripoti za sensa ya mwaka 2019. Liko Gazeti rasmi la Serikali. Zimo tasnifu za wanafunzi katika vyuo vikuu vyetu, magazeti ya zamani, na vitabu vya historia vilivyolala maktabani. Hata kijitabu cha jubilei ya parokia kinaweza kusaidia kwa mambo madogo kama mwaka wa kujengwa shule, ingawa kwa jambo la ubishi hakitatosha. Na masimulizi ya wazee yakusanyeni kwa sababu yake yenyewe, myapeleke kwa mwalimu wa chuo au mchapishaji. Yakichapishwa vizuri, njia imefunguka.

Neno la upesi juu ya kunakili: usichukue kurasa za kitabu cha shule au za gazeti ukazibandika. Hata ukitaja chanzo, maneno ni ya mwenyewe. Soma, funga kitabu, eleza kwa maneno yako.

JINA LA MTU NI MALI YAKE

Mwezi Mei 2005 mtu mmoja asiyejiandikisha aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza ukurasa juu ya John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani aliyekuwa mzee wakati huo. Aliandika ati mzee huyu aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Rais John Kennedy na ya ndugu yake Robert. Ulikuwa uongo mtupu. Seigenthaler alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy, na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Maneno hayo yalikaa pale kama miezi 4 bila mtu kuyatoa. Aliyeandika alikuja kusema baadaye kwamba alikuwa akimfanyia mwenzake wa kazini mzaha.

Seigenthaler aliandika gazetini jinsi alivyoumia, na watu wengi wakauliza kama ensaiklopidia hii inafaa kweli. Desemba 2005 Wikipedia ya Kiingereza ilikata shauri kwamba asiyejiandikisha hawezi tena kuanzisha makala mpya. Baadaye ikawekwa sheria kali zaidi juu ya watu walio hai, nayo sasa inafuatwa kwa upana. Neno lolote la kumchafua mtu aliye hai, lisilo na chanzo cha kuaminika, litolewe mara moja. Hakuna kungoja mjadala. Anayelitoa hana kosa.

Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu tunavijua vijiji vyetu. Mweka hazina wa chama fulani akisemwa kwamba amekula pesa, kesho yake habari iko sokoni, na keshokutwa kijana ameitia mtandaoni. Pengine hata alikula. Lakini kama hakuna hukumu ya mahakama wala taarifa ya gazeti la kuaminika, hilo si la ensaiklopidia. Tena hata la kweli si lote huandikwa. Nambari ya simu ya mtu, nyumba anayokaa, majina ya watoto wake wadogo, hali yake ya afya: hayo ni yake.

TUKIBISHANA

Katika kaunti ya Machakos, si mbali na Thika, kuna mlima wenye urefu wa mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Tangu mwaka 1967 ni hifadhi ya taifa. Wengi huuita Kilimambogo kwa ajili ya nyati wake. Wamasai wanauita Ol Doinyo Sabuk, Wakamba Kyanzavi, Wakikuyu Kianjahi. Sasa tuseme makala ina kichwa kimoja, na msomaji wa jamii nyingine anaona jina lao limeachwa. Anabadilisha. Aliyeandika kwanza anarudisha. Yule anabadilisha tena. Hawajasalimiana, hawajaulizana, kila mmoja anaamini anatetea kabila lake.

Hii wanaiita vita vya kuhariri, nayo ina sheria yake. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua kazi ya wenzake zaidi ya mara 3 katika ukurasa mmoja kwa muda wa saa 24 anaweza kuzuiwa asiandike, hata kama yeye ndiye mwenye haki. Lugha nyingine zina taratibu zinazofanana. Msingoje mpaka mhesabu mara tatu. Kazi yako ikitenguliwa mara ya kwanza tu, nenda ukurasa wa majadiliano, eleza sababu yako, taja kitabu chako, ngoja. Pengine siku mbili, pengine wiki. Watu hawa wana kazi zao za shamba na za ofisi.

Na ubishi wa jina la mlima kwa kweli unaisha vizuri. Kichwa kinakuwa jina linalotumika zaidi katika maandishi ya lugha ile. Majina mengine yote yanaandikwa katika sentensi ya kwanza, kila moja na asili yake. Halafu inawekwa elekezo, yaani ukitafuta "Kyanzavi" unafikishwa ukurasa ule ule. Hapo mnaweza kurudi kwa kazi yenye maana zaidi, kama kueleza juu ya William Northrup McMillan, Mmarekani aliyekuwa na shamba kubwa upande ule, aliyefariki mwaka 1925 na kuzikwa ubavuni mwa mlima. Maktaba ya McMillan iliyoko katikati ya Nairobi imepewa jina lake.

Vikundi vyetu vimezoea kuinua mikono, wengi wakashinda, maneno kwisha. Huko sivyo. Wanatafuta maafikiano, na sababu nzuri ya mtu mmoja inaweza kushinda "naunga mkono" ishirini. Kwa hiyo msikusanye wanakikundi wote, mkawanunulia bando waende kukutetea. Wageni ishirini wakitokea siku moja wakisema neno lile lile, wenyeji wanajua wameitwa, na hoja yako inapoteza nguvu.

Adabu nyingine ni zile tulizofundishwa nyumbani. Jadili maandishi, usimjadili mwandishi. Chukulia kwamba aliyekufuta alitaka kusaidia, mpaka aonyeshe vingine. Na mwenyeji naye asimrukie mgeni. Sheria ya kutowauma wageni imeandikwa kabisa, tena kwa neno hilo la kuuma! Ukimaliza kusema katika majadiliano, tia sahihi. Sehemu mpya ya kujibu huiweka yenyewe, lakini ukiandika kwa njia ya zamani weka alama nne za wimbi, hivi: ~~~~, na jina lako na saa vitatokea. Tena kumbuka kwamba husomi uso wa mtu. Neno fupi kama "Hapana. Chanzo?" kwa Mzungu au kwa kijana wa mjini ni la kawaida, kwa mzee wa kwetu ni tusi. Kabla ya kukasirika, jibu kama umeulizwa kwa upole. Mara nyingi ndivyo ilivyokuwa.

KISWAHILI CHENYEWE

Mwezi Agosti 2020 watu waligundua kwamba makala maelfu mengi katika Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya huko Uskoti, ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye hakuijua lugha hiyo. Alikuwa akichukua Kiingereza na kubadilisha maneno moja moja kwa kutazama kamusi. Alianza akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, na nia yake ilikuwa kusaidia. Wasemaji wa Kiskoti walisikitika sana, kwa sababu dunia ilikuwa imeona maandishi yale ikadhani lugha yao ni Kiingereza kilichoharibika. Wengine walimtukana vibaya yule kijana, jambo ambalo sisi hatulioni kuwa la haki. Kwa miaka yote ile hawakuwapo wenyeji wa kutosha wa kumwambia kwa upole, "Simama kwanza."

Kiswahili kina wasemaji wengi sana, lakini wanaoandika Wikipedia yake ni wachache, kwa hiyo hatari hiyo ipo. Sasa kuna mashine za kutafsiri. Unaitia makala ya Kiingereza, inakutolea Kiswahili kwa dakika, na chemchemi ya maji inaweza kugeuka kuwa majira ya mwaka. Ukibandika kazi kama hiyo bila kuisahihisha, wakabidhi wa Kiswahili wataifuta, nao wana haki. Kama mashine imekusaidia, pitia kila sentensi, ulize: je, mwanakikundi mwenzangu angesema hivi? Ni heri makala ya mistari minne iliyo safi. Makala fupi kama hiyo huitwa "mbegu", na yeyote anaweza kuja kuikuza.

JE, TUNAWEZA KUANDIKA JUU YA KIKUNDI CHETU?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila kikundi, na jibu letu ni hapana. Sababu ni mbili. Ya kwanza, ensaiklopidia inachukua mambo ambayo watu wengine wasiohusika wameyaandikia kwa urefu. Kikundi cha watu 25 wenye mbuzi wa maziwa kinaweza kuwa kimebadilisha maisha ya kata nzima, lakini kama hakuna aliyekiandika gazetini au kitabuni, makala itafutwa. Kufutwa huko hakupimi kazi yenu. Ya pili, mtu akijieleza mwenyewe hujisifu, hata asipotaka. Ndiyo maana wanakataza au wanazuia sana mtu kuandika juu yake mwenyewe, juu ya mwajiri wake, au juu ya jamaa yake. Akitokea mgombea wa kiti akawapa vijana pesa wamwandikie ukurasa, wanatakiwa watangaze wazi kwamba wamelipwa na nani. Tukisema ukweli, ni afadhali wakatae.

Andikeni juu ya mto ambao tangi lenu linanywa maji yake, juu ya soko, juu ya zao mnalolima, juu ya shule iliyojengwa zamani. Hapo mna ujuzi ambao mtu wa mbali hana: mnajua kama picha ni ya pahali pale kweli, na kama jina limeandikwa vile wenyeji wanavyolitamka.

Picha nazo zinahitajika sana. Zinapelekwa kwenye hazina inayoitwa Wikimedia Commons, na iwe picha uliyopiga mwenyewe. Lakini wanakikundi waelezwe mapema, katika mkutano, kwa lugha wanayoielewa: ukishaitoa picha kwa leseni ile, mtu yeyote duniani anaweza kuitumia, kuikata, hata kuiuza, mradi akutaje na asibadilishe masharti. Haiwezi kurudishwa. Kwa hiyo asipigwe mtu asiyekubali, na watoto msiwaweke kabisa. Picha ya tangi, ya daraja au ya kilima haina shida hiyo. Ipigeni asubuhi, jua likiwa mgongoni mwenu, na muandike tarehe na jina la pahali kabla hamjaondoka hapo.